Binti yangu anataka kuwa mtunzi wa manukato, njia yake ikoje? Tupo Dodoma

Mama Mkubwa Kisasa

Wakuu habari za humu. Mimi ni mkazi wa Kisasa hapa Dodoma, mara nyingi nasoma tu na kupita. Leo nina jambo.

Nakaa na mtoto wa mdogo wangu, binti, kamaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB. Nyumbani kila mtu alishajua ni uuguzi au famasia. Jumapili tumekaa tunachambua mchele, akasema, "Mama mkubwa, mimi nataka kutunga manukato." Nikadhani anaomba mtaji wa kibanda cha pafyumu za kupima kama vile vya Majengo. Akasema hapana, si kuuza, ni kutunga. Eti kuna watu kazi yao ni kukaa na kalamu wakaandika harufu kama mtu anavyoandika shairi, halafu mwingine anaipima kwenye mizani, ndiyo hiyo tunayoikuta kwenye chupa. Mjomba wake alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Mimi sikucheka. Huyu mtoto tangu mdogo ananusa kila kitu. Akiingia jikoni anakwambia iliki ya leo si ya duka lile la wiki iliyopita. Ila sijui pa kumpeleka. Ina shule? Inasomwa miaka mingapi? Hapa UDOM asome nini ili asije akapotea? Naomba wanaojua waseme, wenye utani mngoje kidogo.

Kongwa Mpya

Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Ila mama mkubwa, hii si kazi ya kipaji? Kama Mungu hakukupa pua, hata ukisoma miaka kumi ni bure.

Muuza Mls Majengo

Mimi nina hicho kibanda unachokisema mama, mwaka wa nane sasa. Napima kwa bomba la sindano, mteja anasema tu mililita kumi au thelathini. Nitajie mafuta yoyote yaliyopo sokoni, nikiyanusa nitakwambia ni yapi. Lakini kutunga sijawahi hata siku moja. Sisi tunapokea mafuta yameshatungwa huko, tunaongeza spiriti, tunatikisa, basi. Nimeshangaa kidogo kusoma huu uzi, sikuwahi kujiuliza nani aliyeyatunga.

Fundi Mizani

Mama mkubwa, shikamoo. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Nitajibu kwa urefu, wenye haraka wapite.

Kwanza mjue ninapoongelea. Nilisoma kemia, nikafanya kazi miaka sita maabara ya kiwanda cha sabuni Dar. Harufu za sabuni hazitungwi pale kiwandani. Zinaletwa kwenye madumu na makampuni ya manukato, kazi yangu ilikuwa kuzipima, kuzitia kwenye sabuni, kuziweka kwenye kabati la joto wiki kadhaa na kuona kama harufu imebaki au sabuni imegeuka kahawia. Watunzi wenyewe nimekaa nao mara moja tu, Dubai, mafunzo ya siku nne. Kwa hiyo mimi ni mpokeaji, si mtunzi. Nilitamani kuwa, nikachelewa.

Kongwa, suala la pua. Huko Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa ambao ulianza na ngozi za glavu zilizotiwa manukato kabla manukato yenyewe hayajawa biashara, aliwahi kuwepo mtu anaitwa Jean Carles. Mwaka 1946 ndiye aliyeanzisha shule ya watunzi ambayo leo iko chini ya Givaudan. Huyu bwana alikuja kupoteza uwezo wa kunusa, na akaendelea kutunga. Alitungaje? Kwa kumbukumbu. Alijua kila malighafi inafanya nini ikikutana na nyingine, kama mpishi wa pilau za shughuli anavyojua chumvi ya sufuria la kilo arobaini bila kuonja. Pua yako, yangu na ya huyo binti zina aina karibu 400 za vipokea harufu. Nobeli ya tiba ya 2004 walipewa Richard Axel na Linda Buck kwa kazi ya kuvigundua. Tofauti kubwa haipo puani, ipo kwenye daftari.

Na daftari nasema daftari kweli. Mtoto anayeanza anapewa malighafi mia kadhaa azijue kama anavyojua sauti za ndugu zake. Njia ya Carles ni hii: unaanza na zilizo mbali, limau na mdalasini, ukishazoea unaingia kwenye zinazofanana, limau na chungwa na ndimu, hapo ndipo watu wanalia. Unachovya kipande cha karatasi, unaandika jina na saa, unanusa, unaandika kinachokujia. Unanusa tena baada ya nusu saa. Kesho asubuhi unanusa tena hiyo hiyo karatasi. Ndimu itakuwa imeshaondoka zamani. Mdalasini ungalipo. Vitu kama ubani na miski vitakaa siku kadhaa. Manukato yote duniani yamejengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba harufu hazikimbii kwa mwendo mmoja. Muuza Mls, ukimwambia mteja "subiri ikauke ndiyo unuse", hilo ni somo la siku ya kwanza.

Muuza Mls Majengo

Haha, mimi nasema hivyo ili asiondoke haraka.

Fundi Mizani

Naendelea. Njia zenyewe.

Ya kwanza ni shule ya wazi. Ipo ISIPCA pale Versailles, ilianzishwa 1970 na Jean-Jacques Guerlain, wa ukoo ule wa Guerlain. Hiyo inataka uwe na msingi wa kemia. Ipo nyingine Grasse kwenyewe, Grasse Institute of Perfumery, tangu 2002, wanafundisha kwa Kiingereza, darasa lao ni dogo. Zote ni za kulipia na maisha ya Ufaransa mnayajua, kwa hiyo mama usiuze kiwanja kwanza.

Ya pili ni shule za ndani ya makampuni. Hapa ndipo wengi wanapotokea. Ukiangalia majina ya chupa unadhani kila nyumba ya mitindo ina mtunzi wake. Wenye watunzi wao ni wachache, akina Chanel, Hermès, Guerlain. Zilizobaki zinatungiwa na makampuni ambayo mtu wa kawaida hajawahi kuyasikia: Givaudan na dsm-firmenich za Uswisi, IFF ya Marekani, Symrise ya Ujerumani, Mane na Robertet za Ufaransa, Takasago ya Japani. Haya yanachukua watoto wachache sana, yanawafundisha miaka mitatu minne, tena yanawalipa. Ushindani wake usiseme.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa mtu wa kwetu: unaingia kwa mlango wa nyuma. Fundi wa maabara. Ni yule anayepewa karatasi yenye mistari hamsini, kila mstari malighafi na gramu zake, naye anapima tone kwa tone. Unapima tungo za watu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, unaanza kuona kwa nini fulani kapunguza hiki akaongeza kile. Jean-Claude Ellena alianza hivyo. Miaka 17, kibarua wa kiwanda Grasse, hana shahada yoyote. 1968 akaingia shule ya Givaudan kule Geneva. Manukato yaliyomtoa, First ya Van Cleef & Arpels, ni ya 1976. Kuwa mtunzi wa Hermès ni 2004, ana miaka 57. Mama, pigeni hesabu wenyewe.

Kongwa Mpya

Miaka 57 mimi nitakuwa nachunga mbuzi Kongwa kwa amani.

Fundi Mizani

Wapo wanaowahi. Francis Kurkdjian, kazaliwa 1969, kasoma ISIPCA, Le Male ya Jean Paul Gaultier imetoka 1995. Muuza Mls unamjua huyu bila kujijua. Ile "Baccarat" mnayopima kutwa ni mfano wa Baccarat Rouge 540, ya kwake, ya 2015.

Muuza Mls Majengo

Acha! Hiyo ndiyo inanilipia kodi ya fremu. Nikimwona nimwamkie.

Fundi Mizani

Naye hatafaidika na senti yako, ndiyo ubaya wa kazi yenyewe. Fomula ni siri tu, ukishaivunja kwa kromatografia ya gesi, mashine inayochambua mchanganyiko, unapata orodha ya sehemu kubwa ya vilivyomo. Kampuni ndiyo inamiliki tungo, mtunzi analipwa mshahara.

Na kuhusu cheo. Hakuna mtihani wa taifa wa "mtunzi mkuu". Unaanza mwanafunzi, unakuwa mtunzi mdogo chini ya mkubwa fulani, unakuwa mtunzi, na ukishashinda kazi nyingi kwa miaka mingi kampuni yako inakutangaza mtunzi mkuu. Kushinda kazi maana yake: mteja anatoa maelekezo, "nataka harufu ya mwanamke wa mjini anayerudi kijijini", upuuzi kama huo, makampuni manne yanashindana, kila moja linatunga matoleo mpaka mia na zaidi, anachaguliwa mmoja, wengine hawalipwi kitu. Wale wa Dubai waliniambia kinachowamaliza si kunusa, ni kukataliwa.

Tena wengi hawatungi chupa za kioo. Wanatunga sabuni ya unga, dawa ya chooni, mafuta ya nywele. Msidharau. Kuifanya harufu ya waridi isimame ndani ya sabuni ya kufulia yenye magadi ni kazi ngumu kuliko kwenye spiriti safi, nimeshuhudia harufu nzuri sana zikifia kwenye mche wa sabuni ndani ya siku tisa.

Mjukuu wa Bagamoyo

Samahani niwakatishe. Mbona hamsemi ukweli kwamba hayo yote ni kemikali? Bibi zetu walikuwa na marashi ya kweli. Asumini, mkadi, kilua, rehani, udi kwenye chetezo, nguo zinafukizwa usiku. Hakuna aliyesoma Ufaransa.

Fundi Mizani

Mjukuu, bibi zako walikuwa watunzi, sibishi. Anayejua udi wa kufukiza shela haufanani na wa kufukizia chumba cha mzazi ana ustadi uleule. Na Kiswahili chetu kina maneno ambayo Wazungu wanayalipia pesa ndefu: ambari, zabadi, miski, ubani, manemane. Hata Amouage ya Oman ilipoanzishwa 1983 ilijengwa juu ya ubani, ila tungo yake ya kwanza walimpa Mfaransa, Guy Robert. Hilo lifikirie.

Ila kwenye kemikali tutabishana. Kumarini, kitu chenye harufu ya nyasi kavu, ilitengenezwa maabara 1868 na William Perkin, na 1882 Houbangi... samahani, simu inanisahihisha, Houbigant, nyumba ya manukato ya Ufaransa, wakaitumia kwenye Fougère Royale. Manukato ya kisasa yameanzia hapo. Zabadi ya kweli inakwanguliwa kwa fungo aliyefungiwa kwenye kizimba, ukimwona hutaitaka. Ambari ya kweli inatoka tumboni mwa nyangumi, utaingoja ufukweni mpaka lini? Mafuta ya waridi yanakula tani tatu mpaka nne za maua upate kilo moja. Na karafuu yenu, iliyojaa yujenoli inayoipa harufu yake, kuna miaka ilikuwa ndiyo malighafi ya kutengenezea vanila ya maabara. Sasa hiyo vanila ni ya asili au si ya asili?

Halafu asumini lako hilo safi la kwenye kikuba lina indoli ndani. Indoli peke yake inanuka vidonge vya kabatini na choo kwa pamoja. Mimi iliwahi kunimwagikia kwenye mkono wa sweta pale kazini, kiasi cha kijiko cha chai cha myeyusho. Nikapanda daladala la Mbagala jioni. Kufika Mtoni nimekaa kiti cha watu wawili peke yangu, na konda kaniuliza kwa upole kabisa kama naumwa.

Kongwa Mpya

😂😂 Konda wa Mbagala kuwa mpole ujue hali ilikuwa mbaya.

Msomi wa Ng'ong'ona

Mama mkubwa, mimi niko UDOM, mwaka wa pili kemia. PCB yake inamfikisha vizuri. Achukue shahada ya sayansi ya kemia, asiende kwenye fani zilizobanwa sana. Akifika masomo ya kemia ya kaboni asikariri, yale ndiyo yenye harufu, esta na aldehaidi na ketoni. Maabara ukitengeneza esta ya ndizi mara ya kwanza unaelewa kwa nini pipi zinanukia vile. Na aanze Kifaransa mapema, hata kwa simu.

Swali kwa Fundi Mizani: harufu ya mvua ya kwanza hapa Dodoma, ile ya Desemba vumbi likilowa, haiwezi kuwa pafyumu? Nadhani tungekuwa wa kwanza duniani.

Fundi Mizani

Umechelewa, mdogo wangu. Kannauj, India, wanaoka udongo mkavu, wanauchemsha kwenye mitungi ya shaba na mvuke wake wanaupokea kwenye mafuta ya msandali. Wanauza chupa za harufu ya ardhi iliyolowa. Wanasayansi wa Australia nao waliipa jina harufu hiyo mwaka 1964. Sehemu yake kubwa ni kitu kinaitwa jiosmini, kinatoka kwa bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kidogo mno. Inauzwa, inatungiwa.

Kama mnataka kitu cha kati ya nchi, angalieni mnachokitupa. Manyoni na Itigi kuna nta ya nyuki. Kule Grasse nta inachujwa kwa kimiminika inatoa dondoo la rangi ya kahawia, linanukia asali, majani makavu na tumbaku kidogo, na watunzi wanalitumia sana. Hapa tunatengenezea mishumaa. Cha pili, zabibu. Mnajua mashapo yanayobaki chini ya pipa la mvinyo? Ufaransa wanayachemsha kwa mvuke wanapata mafuta yanayoitwa ya konyaki, tone moja linatia harufu ya matunda yaliyoiva kwenye tungo nzima. Viwanda vya mvinyo vipo hapa, Hombolo zabibu zipo. Sijasema ni biashara rahisi, nasema binti akitaka mada ya utafiti mwaka wa tatu hiyo hapo.

Kitu kimoja asiguse: msandali wa porini. Unang'olewa na mizizi, ndiko yaliko mafuta, umekwisha sehemu nyingi, na tangu 2013 msandali wa Afrika Mashariki uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mtu akija na gunia la vipande anasema "dada nakuuzia malighafi", afunge mlango.

Muuza Mls Majengo

Na mimi niseme la spiriti kwa faida ya vijana wanaotaka kujaribu nyumbani. Kuna mwaka nilichukua dumu kwa msambazaji mmoja, bei ya kutupa. Wiki haijaisha wateja wanarudi wameshika shingo, wekundu, wanawashwa. Nilirudisha pesa za watu kumi na moja na mmoja wao mpaka leo akipita anavuka barabara. Fundi, kosa lilikuwa spiriti au mafuta?

Fundi Mizani

Inaweza kuwa yoyote. Spiriti ya viwandani inaweza kuwa na methanoli, hiyo ni sumu, haipaswi kugusa ngozi ya mtu. Na mafuta nayo yana mipaka: IFRA, chombo cha sekta yenyewe tangu 1973, kinasema malighafi fulani isizidi kiasi fulani kwenye kitu cha kupaka, hata yujenoli ya karafuu ina kikomo. Mtunzi anatunga huku ana hayo makatazo kichwani. Wewe unachanganya ngapi kwa ngapi?

Muuza Mls Majengo

Kwa macho tu. Mteja mzuri namwongezea.

Fundi Mizani

Nunua mizani kaka. Ile ndogo ya kupimia dhahabu inatosha kuanzia. Mafuta gramu 15 mpaka 20 kwenye kila gramu 100, hiyo ndiyo wanaandika eau de parfum. Andika tarehe na dumu lilikotoka. Siku mtu akivimba utajua ni lipi. Na kama utaanza kuweka jina lako kwenye chupa, vipodozi viko TBS, shirika la viwango, tangu 2019, nenda ukaulize mapema, usisubiri waje.

Mama mkubwa, kuhusu binti. Asingoje chuo. Mpe elfu kumi aende soko la Majengo, anunue karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, tangawizi, ndimu, chungwa, mchaichai, ubani na kahawa. Mfunge kitambaa machoni, mpitishie kimoja kimoja, andika majibu. Asirudie kunusa haraka haraka, pua inachoka. Leta matokeo hapa.

Mama Mkubwa Kisasa

Mwanangu Fundi Mizani, marahaba, na Mungu akubariki. Nimemsomea yote. La indoli amelirudia mara tatu kwa mjomba wake.

Tumefanya jana usiku baada ya kula. Kapata nane. Mjomba naye akataka kujaribu, kapata minne, pilipili manga kaiita ugoro. Binti alichokosa ni ndimu na mchaichai, kavigeuza, hiki kakiita kile. Kaumia sana, anasema kama ameshindwa ndimu ataweza nini. Nimwambieje?

Fundi Mizani

Mwambie hakukosea kipumbavu. Vyote viwili vina kitu kinaitwa sitrali. Kwenye mafuta ya mchaichai ndiyo sehemu kubwa kabisa, kwenye ndimu ni kidogo lakini ndiyo inayoipa sura. Pua yake imekamata kilicho sawa, bado haijakamata kilicho tofauti. Akwangue ganda la ndimu na aponde mchaichai, aweke kwenye karatasi mbili, anuse sasa hivi, halafu baada ya saa moja. Karatasi itakayokuwa imebaki na nguvu ni ipi, aandike. Afanye wiki nzima.

Mama Mkubwa Kisasa

Nimemwambia. Katoka mbio kwenda kununua mchaichai mwingine. Ule wa jana mjomba alishauchemshia chai.

Kongwa Mpya

Mjomba naye apelekwe Versailles.